Timazi Mgongoni mwa Kaka

Kila mwanafunzi aliyepitia shule za Kenya amewahi kuandika, walau mara moja, kwamba kilimo ndicho uti wa mgongo wa uchumi wa nchi yetu. Mimi niliiandika sentensi hiyo mara nyingi kuliko wengi, kwa kuwa nilizaliwa na kulelewa Konoin, katika kaunti ya Bomet, mahali ambapo mtu akitoka mlangoni hulowa umande wa majani chai kabla hajafika njiani. Mwalimu wetu wa darasa la saba aliichoka sentensi hiyo. Siku moja aliweka chini rundo la madaftari, akatuuliza: "Hivi nyinyi mnajua uti wa mgongo ni nini?" Tulicheka. Hakuna aliyejibu, na yeye mwenyewe hakutueleza.

Nilikuja kujua mwezi wa Aprili, mwaka 2022, nikiwa nimerudi nyumbani kwa likizo.

Alasiri hiyo mvua ilikuwa imenyesha kama kawaida ya kwetu, ambako mawingu hujikusanya tangu saa saba na kumwagika kabla ya saa kumi. Kaka yangu alikuwa amepanda juu ya magunia ya majani mabichi, kwenye pikapu iliyokuwa ikielekea kituo cha kununulia chai. Kupanda juu ya mzigo ni kosa la kila siku vijijini, na ndiyo maana hakuna anayeliona kuwa ni kosa. Gari liliteleza kwenye mteremko, tairi za nyuma zikaingia mtaroni, likalala ubavu. Dereva alitoka na mkwaruzo wa kiwiko. Kaka alirushwa, akaanguka kwa makalio juu ya ukingo wa mawe, ameketi, kana kwamba mtu alimvutia kiti na kiti hakikuwapo.

Tulifika tukikimbia, wanaume sita au saba. Alikuwa na fahamu zake. Alisema haisikii miguu yake vizuri, kisha akasema anaisikia, kisha akanyamaza. Tukamwinua. Wawili walimshika makwapani, mmoja akaingiza mkono chini ya mapaja, nami nikashika miguu. Kiwiliwili kilining'inia katikati kama gunia lililojaa nusu. Alipiga ukelele mmoja tu. Tukamkunja ili aenee kwenye kiti cha nyuma cha gari dogo la abiria, tukampeleka hospitali.

Muuguzi aliyetupokea aliniuliza: "Mlimbebaje?"

"Kwa mikono," nilimjibu.

Aliandika jambo kwenye karatasi yake wala hakuniuliza tena. Wiki moja baadaye ndipo nilipojua kwa nini aliuliza. Mtu aliyeumia mgongo hainuliwi kwa mikono na miguu. Huachwa alipo mpaka upatikane ubao mpana, hata mlango uliong'olewa bawabani. Mmoja hushika kichwa na shingo visicheze, wengine humgeuza kwa pamoja, kwa hesabu moja, mwili mzima kama gogo, kisha ubao hupenyezwa chini yake. Nyumbani kwetu kuna milango mitatu. Yote ilikuwa umbali wa hatua mia nne kutoka pale alipoanguka.

Wasomaji wa jarida hili wataniwia radhi nikiigusa lugha kidogo, kwa sababu siku zile hospitalini lugha ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Neno uti lina shina moja na mti, na anayelisikia hufikiria kitu kimoja kilichonyooka, mfano wa fimbo. Uti wa mgongo si kitu kimoja wala haukunyooka. Ni safu ya pingili: saba za shingo, kumi na mbili za kifuani zinazoshikwa na mbavu, tano za kiunoni, halafu zile zilizoungana za nyonga na kifandugu. Ukiutazama kutoka ubavuni, umepinda mara kadhaa: huingia ndani shingoni, hutoka nje kifuani, huingia tena ndani kiunoni. Mapindo hayo si kasoro. Ndiyo yanayotuwezesha kukiweka kichwa juu ya nyonga bila misuli kuchoka.

Tena jina hilo moja tunalitwika vitu viwili. Tunaita uti wa mgongo mifupa, na tunaita uti wa mgongo kamba ya neva ipitayo ndani ya mifupa hiyo, ndiyo maana maradhi ya utando wa kamba hiyo yanaitwa homa ya uti wa mgongo. Baadhi ya vitabu vya sayansi huiita kamba hiyo ugwe mgongo ili kuitenga, lakini sijamsikia mgonjwa wala muuguzi akisema hivyo. Darasani jambo hili ni mfano mzuri wa polisemia. Wodini ni hatari. Mama aliposikia kwamba uti wa mgongo wa mwanawe umevunjika alidhani kila kitu kimekatika, na akaanza kuomboleza kwa namna ambayo kwetu huombolezewa wafu. Kilichovunjika kilikuwa mfupa. Kamba ilikuwa imebanwa na vipande vyake, lakini haikuwa imekatika, na tofauti hiyo ndiyo iliyobeba tumaini letu lote.

Picha zilionyesha kwamba iliyopasuka ni pingili ya kwanza ya kiunoni. Daktari mpasuaji alinieleza kwamba hapo ndipo mahali palipozoea kuvunjika. Sehemu ya kifuani imefungwa na mbavu, haichezi sana. Sehemu ya kiunoni ni huru. Mtu akianguka kwa makalio, nguvu hupanda kutoka chini na kukutana na uzito unaoshuka kutoka juu, na vyote viwili humalizana kwenye kiungo cha hizo sehemu mbili. Pingili ya kaka ilikuwa imebonyea mbele kama kopo lililokanyagwa, na kipande cha nyuma kilikuwa kimesukumwa ndani ya njia ya neva. Mgongo ulikuwa umekunjika mbele kwa pembe ya digrii 27 mahali ambapo kwa kawaida hapana kunjo la kutajika.

Pembe hiyo hupimwa kwa njia iliyoelezwa na daktari wa Marekani, John Robert Cobb, mwaka 1948, aliyekuwa akishughulikia watoto wenye migongo iliyopinda. Huchorwa mstari juu ya pingili nzima iliyo juu ya iliyovunjika, na mwingine chini ya pingili nzima iliyo chini yake, kisha hutazamwa mistari hiyo inakutana kwa pembe gani. Ni jiometria ya darasa la nane. Nilishangaa kwamba maisha ya mtu yanaweza kupimwa kwa vifaa vilivyomo katika kile kikebe chetu cha hesabu.

Daktari mwenyewe alikuwa mtu wa Pwani. Alipoingia alimwinamia mama kidogo akasema: "Shikamoo, mama." Mama alinitazama mimi. Nikamwambia ni salamu ya watu wa bahari. "Chamgei," alijibu, na daktari akatabasamu. Basi tukaanza: daktari akisema Kiswahili chake kitamu kilichochanganyika na Kiingereza cha kazi, mimi nikifasiri kwa Kikipsigis, na mama akijibu kwa lugha hiyo hiyo, ingawa Kiswahili anakielewa. Mambo mazito huwa hayasikilizi kwa lugha ya sokoni.

Nilikuwa nimesoma ukalimani kwa muhula mmoja na kupata alama nzuri. Mhadhiri wetu alitufundisha aina za makosa: nyongeza, upotoshaji, udondoshaji. Daktari alisema: "Tukimpasua tutaunyanyua mfupa, tutaifungulia neva nafasi. Miguu yake ina uhai, kwa hiyo huenda akatembea. Lakini mama ajue kwamba hatarajiwi kutembea kama zamani." Nikamgeukia mama nikamwambia: mifupa itanyanyuliwa, neva itapata nafasi, atatembea. Niliacha "huenda". Niliacha "kama zamani". Sikusahau. Niliyashika maneno hayo mdomoni na kuyameza, huku nikimtazama mama machoni, naye akavuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Neno lililonishinda zaidi si hilo. Daktari alirudia tena na tena neno la Kiingereza lenye maana ya vitu kukaa katika mstari unaostahili. Alisema lengo la upasuaji si kuunga mfupa tu, kwani mfupa unaweza kuunga vibaya, bali ni kuurudisha mgongo katika hali hiyo na kuubakiza humo. Nilijaribu "kunyoosha". Akakataa: "Hapana, mgongo ulionyooka ni mgongo mgonjwa." Nikajaribu "mpangilio", akasema hilo ni la viti ukumbini. "Ulinganifu" likamkumbusha kioo, nusu hii na nusu ile. Alifikiri, akakuna kidevu, kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia kutoka kwa mpasuaji: "Nyinyi huku bara fundi mwashi akijenga ukuta, anajuaje kama umesimama?"

"Kwa timazi," nikasema.

"Basi ndiyo hiyo. Sisi twataka mgongo uende timazi."

Akachukua karatasi akachora mtu aliyesimama ubavu. Kutoka pingili ya mwisho ya shingo akashusha mstari wima, kama uzi wenye risasi nchani. Kwa mtu mzima wa afya, alisema, uzi huo hushuka mpaka karibu na kona ya juu, upande wa nyuma, ya mfupa wa nyonga unaobeba mgongo. Mgongo unaweza kupinda huku na huku njiani, lakini uzi uangukie pale. Mgongo uliovunjika na kukunjika mbele huusukuma uzi mbele. Mwili haukubali kuanguka, kwa hiyo huanza kulipa: kiuno hujikaza kwenda nyuma, nyonga huzunguka, na ikishindikana, magoti hukunjwa ili mtu apate kuona mbele. Kila malipo yana uchovu na maumivu yake. Mwenye kibiongo cha ajali hachoki kwa sababu ya kibiongo, huchoka kwa sababu ya kukilipia.

Hapo sikuhitaji kufasiri. Marehemu baba alikuwa fundi mwashi. Timazi yake, kipande cha chuma kilichochongoka chenye uzi uliosokotwa, ilikuwa bado ikining'inia kwenye msumari jikoni. Mama alinyoosha kidole kwenye ule mchoro, akauliza kwa Kiswahili, moja kwa moja: "Na ukuta ukishaanguka, unaurudisha kwa timazi, au unajenga upya?"

Daktari alinyamaza kidogo. "Twausukuma taratibu, mama, halafu twauwekea nguzo."

Nguzo hizo zilikuwa fito mbili za chuma na parafujo sita. Nimeandika parafujo kwa makusudi, kwa sababu ndilo neno alilotumia yeye, na kwa sababu tangu shuleni nilidhani ni neno la kwenye kamusi tu. Parafujo hupenyezwa kutoka nyuma, kupitia shingo nyembamba za mfupa zinazouunganisha mwili wa pingili na tao lake, milimita chache kutoka kwenye neva. Njia hiyo ilianza kutumiwa na Raymond Roy-Camille wa Paris katika miaka ya 1960, takriban wakati ambapo Paul Harrington kule Houston alikuwa akiwatilia watoto walioathiriwa na polio fito zenye kulabu. Kabla ya watu hao, na kwa karne nyingi, majeruhi wa mgongo alilazwa tu. Hati ya kale ya Misri, inayokadiriwa kuandikwa yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo, inamtaja aliyeteguka pingili ya shingo na kupooza kuwa ana ugonjwa usiotibiwa. Mganga yule wa Misri hakumdanganya mtu.

Sitasimulia habari za fedha kwa urefu. Bima ya wakati huo, NHIF, ambayo tangu Oktoba 2024 imetoa nafasi kwa SHA, ililipa sehemu. Vyuma vilikuwa juu yetu. Tulifanya harambee, tukauza ng'ombe mmoja na ndama wake, na bonasi ya chai ya mwaka uliopita ilikuwa imekwishaliwa karo yangu. Kaka alipasuliwa siku ya kumi na mbili. Katika siku hizo zote tulifundishwa kumgeuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, asije akapata vidonda vya kulalia, na tulimgeuza kama gogo, kwa hesabu moja, watu wanne. Kila usiku nilipotamka "moja, mbili, tatu" nilikumbuka ule mteremko.

Upasuaji ulichukua zaidi ya saa nne. Picha ya siku ya tatu ilionyesha digrii 8. Mama alitaka kujua kama nambari hiyo ni njema, nami nikamwambia ni njema, na safari hiyo sikudondosha kitu.

Yaliyofuata hayana mlio wa hadithi. Wiki sita za ukanda mgumu wa kiunoni. Miezi ya mazoezi kwenye vipini viwili vya mbao nilivyopigilia ukutani nje ya jiko. Mguu wa kulia ulirudi kabla ya wa kushoto. Wa kushoto mpaka leo huburura kidole gumba, hasa jioni. Haja ndogo ilichukua muda mrefu kurudi katika utaratibu, na aibu yake ilimuumiza kaka kuliko mgongo. Alipofika mwezi wa nane alitembea kwa magongo mawili hadi kwenye mipaka ya shamba. Mwezi wa kumi na moja, kwa gongo moja.

Mwaka mmoja baada ya upasuaji tulirudi kupiga picha. Digrii 13. Niliiona nambari kabla ya daktari kuisema, na moyo ulinilipuka. Tulikuwa tumenunua digrii 19 kwa ng'ombe, ndama na harambee. Tano zilikuwa zimetoroka. Daktari hakushtuka. Alinieleza kwamba pingili iliyopasuka ikinyanyuliwa hurudi kimo chake kwa nje, lakini ndani huwa na uwazi, mithili ya ganda la yai, na ule mto wa gegedu ulio juu yake huwa umechanika. Vyuma husimama imara, lakini mto hulegea na mfupa hukaa chini kidogo kabla haujashikana. Karibu kila mgonjwa hupoteza digrii kadhaa za kile alichopata mezani. Swali ni kama uzi bado unaangukia mahali pake, na kama mtu anaumwa. "Nina watu wana digrii 20 wanalima," alisema, "na wengine wana 5 hawalali usiku." Nambari, kwa maneno mengine, haikumjua kaka yangu. Ilimjua mfupa mmoja.

Ilibidi kumweleza mama. Nilianza kutafuta maneno, naye akanikatiza: "Safari hii useme yote."

Sikuelewa mara moja. Akaendelea, bila ukali, akinitazama kama anavyotazama mvua ya mawe ikipita juu ya majani mabichi: "Mimi Kiswahili nakisikia. Siku ile daktari alisema huenda. Alisema si kama zamani. Nilikusikia ukiyaacha. Nikaona mtoto anataka kunibebea, nikakuachia ubebe."

Nimefikiria jambo hilo katika kila kipindi cha tafsiri tangu hapo. Tunafundishwa kwamba hadhira ya mkalimani haijui lugha chanzi. Mama alizisikia matini zote mbili, akapima tofauti iliyopo kati yake, akanihifadhia siri yangu kwa mwaka mzima.

Nchi yetu ya chai inawajua majeruhi wa barabara kuliko inavyopenda kukiri. Oktoba 10, 2018, basi lilipinduka karibu na Fort Ternan, watu zaidi ya 50 wakafa. Juni 30, 2023, lori liliwavamia watu na magari kwenye njia panda ya Londiani, na hapo pia waliokufa walizidi 50. Magazeti huhesabu wafu, na ni haki yao kuhesabiwa. Wanaonusurika na mgongo uliovunjika hawaonekani gazetini. Huonekana miaka miwili baadaye, wamekaa kwenye viti vya plastiki mbele ya nyumba, magoti yamekunjwa kidogo, wanatazama barabara. Ningetamani kila kituo cha kununulia chai kiwe na ubao mmoja mpana ukutani, umeandikwa kwa rangi nyekundu namna ya kumbeba mtu. Ubao ni bei rahisi kuliko parafujo moja.

Kaka hawezi tena kubeba kapu. Kuchuma chai ni kazi ya kuinama mbele kwa saa nyingi, majani mawili na chipukizi, mzigo ukiongezeka mgongoni kadiri siku inavyosonga, na ni kana kwamba kazi hiyo ilibuniwa kuusukuma uzi wa timazi mbele. Sasa anaotesha miche. Alijenga meza za mabanzi zenye kimo cha kiuno chake, akapanga juu yake vifuko vya udongo, ili asiiname. Majirani walicheka kuona kitalu kilicho angani. Msimu uliofuata walikuja kununua.

Desemba iliyopita nilimkuta huko, akimwagilia. Nilikuwa nimeazimia kumwambia tangu nilipoanza kuiandika insha hii. Nikamwambia: siku ile, mimi ndiye niliyeshika miguu, tungekuwa tumeleta mlango. Nilimwambia pia kwamba nilimuuliza daktari kama ni anguko au ni mikono yetu iliyoisukuma ile pingili kwenye neva, naye alinijibu kwamba picha haionyeshi hilo, na hakuna atakayejua kamwe.

Kaka aliendelea kumwagilia mpaka mwisho wa safu. "Nilikuona," alisema. "Ulikuwa umevaa viatu vyangu vya mpira. Nilitaka kukuuliza umevitoa wapi, sauti ikakataa."

Kisha akaniambia niingie jikoni nimletee timazi ya baba. Nikaileta. Akasimama ubavu kwenye fremu ya mlango, akaegesha gongo ukutani, akaniagiza niushike uzi pale mfupa wa shingo unapochomoza. Chuma kiliyumba, kikatulia. Mama alitoka na kikombe cha mursik mkononi, akachuchumaa kutazama kinaangukia wapi.

"Sogeza mguu wa kushoto," alimwambia. "Bado unaukunja."